Kinachoshika na Kinachoteleza: Mhadhara Juu ya Msuguano Katika Pwani ya Kilwa na Lindi



Nimechagua kuzungumzia msuguano. Vitabu vya shule huupa nafasi ndogo, kurasa mbili tatu kabla ya mashine sahili. Mwanafunzi anaandikishwa faida zake na hasara zake, anakariri, anafanya mtihani, basi. Mimi naona msuguano umeonewa. Pwani hii, kuanzia Somanga hadi Kilwa, Mchinga na Lindi, imejengwa na watu waliouelewa kwa mikono yao, na wengi wa watu hao wameketi hapa mbele yangu.

Msuguano ni kani inayojitokeza pale vitu viwili vilivyogusana vinapoteleza, au vinapotaka kuteleza, kimoja juu ya kingine. Yashikeni maneno hayo ya katikati: vinapotaka kuteleza. Sanduku lililotulia sakafuni bila kusukumwa halina msuguano wa kulizuia. Lisukume kidogo, msuguano unazaliwa papo hapo na kukupinga kwa kiasi kile kile ulichosukuma. Ongeza nguvu, nao unaongezeka. Ongeza tena, unaongezeka tena, hadi unafika pale usipoweza kupanda zaidi, na sanduku linaondoka. Msuguano hauanzi jambo, unajibu tu. Na majibu yake yana mpaka. Fundo lisilofunguka, msumari usiochomoka, mguu usioteleza, vyote viko ndani ya mpaka huo. Ajali nyingi tunazoziita za bahati mbaya ni mpaka huo kuvukwa na mtu asiyejua kwamba upo.

Mpaka unatoka wapi? Chukua ubao uliopigwa randa vizuri kabisa. Kwa macho ni laini, lakini kwa darubini kali una vilima na mabonde. Ukiweka ubao mwingine juu yake, vinavyogusana ni vilele tu. Katika karne ya 20 wataalamu wawili wa Cambridge, Frank Bowden na David Tabor, walionyesha kuwa eneo linalogusana kweli ni sehemu ndogo sana ya eneo tunaloliona, na kwamba linakua uzito unapoongezeka, kwa sababu vilele vinabonyea. Hapo vileleni ndipo vitu vinaposhikana, na ili viteleze lazima mishiko hiyo ikatwe. Ndiyo sababu mzigo mzito husuguana zaidi kuliko mwepesi.

Sasa twende ufukweni, maana hesabu yake iko huko. Wengi wenu mmewahi kusaidia kushua mashua. Tuchukue mashua ya tani 2 iliyokaa juu ya mbao kavu. Kwa mbao kavu juu ya mbao kavu, mpaka wa msuguano ni karibu asilimia 40 ya uzito. Maana yake, kuiondoa mahali pake kunahitaji nguvu sawa na ya kuinua kilo 800. Mtu mmoja anaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo ngapi? Hapa watu hutaja misuli, lakini jibu liko miguuni. Mtu wa kilo 70 aliyesimama juu ya mchanga hawezi kusukuma zaidi ya vile mchanga unavyoweza kuzishika nyayo zake. Akizidisha, anateleza yeye na chombo kinabaki. Tuseme kilo 30. Basi tunahitaji watu 27. Fundi akipaka mbao zile shahamu au mafuta ya papa, mpaka unashuka hadi karibu asilimia 10 ya uzito: kilo 200, watu 7. Watu 20 wamepumzishwa na mafuta ya kopo moja. Lakini mtu asiwamwagie mafuta hao 7 chini ya nyayo, maana chombo hakitashuka. Msuguano tunaoupunguza chini ya mashua ndio huo huo tunaoutegemea chini ya miguu.

Na wimbo je? Mgeni akisikia watu wanaitikizana wakati wa kushua chombo anadhani ni burudani. Wimbo ule ni kipimo cha wakati. Vitu vilivyotulia vinashikana kwa nguvu zaidi kuliko vilivyokwisha kuanza kuteleza. Mashua yetu inadai kilo 800 ili iondoke, lakini ikishaondoka pengine kilo 500 zinatosha kuiendesha. Watu 27 wakisukuma kila mmoja kwa wakati wake, kilo 800 hazifikiwi hata mara moja, na jasho lote linapotea bila chombo kusogea hata inchi. Wakisukuma kwa mkupuo mmoja, mpaka unavunjwa. Ndipo utamsikia nahodha akihimiza wasisimame, mtu asipumzike, chombo kiende hivyo hivyo hadi majini. Yuko sahihi kabisa. Kikisimama, deni la kilo 800 linarudi upya.

Mchanga wenyewe una mambo yake. Mkavu unajikusanya mbele ya mzigo na kuwa kilima kidogo ambacho lazima ukisukume pia. Ukilowa kiasi, maji yanazishikanisha chembe zake, unakuwa mgumu na mzigo unapita juu. Ukizidi maji, unazama. Huko Misri, katika kaburi la mkuu wa jimbo aliyeitwa Djehutihotep, lenye umri wa karibu miaka 3,900, kuna mchoro wa kundi kubwa la watu wakikokota sanamu iliyowekwa juu ya chombo cha mbao kisicho na magurudumu. Mbele ya chombo amesimama mtu anamimina kimiminika ardhini. Wengine walidhani ni ibada. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima na kuona kuwa mchanga ukiloweshwa kwa kiasi kinachofaa, nguvu ya kukokota hupungua hadi karibu nusu. Wavuvi wanaongoja maji yapwe kidogo wakokote mtumbwi juu ya mchanga mbichi wanatumia kanuni hiyo hiyo.

Kanuni zilizoandikwa ni za juzi tu. Leonardo da Vinci aliuchunguza msuguano na kuandika katika daftari zake, lakini hakuchapisha. Mfaransa Guillaume Amontons ndiye aliyezitangaza kanuni mbili mwaka 1699: kwamba msuguano unakwenda sambamba na uzito, na kwamba haujali ukubwa wa eneo linalogusana. Hiyo ya pili huwasumbua wengi. Tofali likilazwa kwa ubapa wake au likisimamishwa kwa ubavu, nguvu ya kulikokota ni karibu ile ile. Mkikumbuka vile vilele mtaelewa: tofali likilazwa, vilele ni vingi lakini kila kimoja kimebonyezwa kidogo, likisimamishwa, ni vichache lakini vimebonyezwa sana.

Walimu, jambo hili linapimika bila maabara. Laza ubao, weka juu yake kipande cha mti, kisha inua ncha moja ya ubao taratibu. Kipande kinapoanza tu kuteleza, simama. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa, gawanya kwa urefu wa ardhi iliyo chini ya ubao. Kimo kikiwa sentimita 40 na chini ni sentimita 100, umepata kiwango cha msuguano cha 0.4, yaani ile asilimia 40 yetu. Rudia na ubao uliomwagiwa mchanga, rudia na uliopakwa mafuta, rudia na kipande cha ndala. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hatahitaji kukariri faida na hasara.

Nataka nikae zaidi kwenye kamba, kwa sababu kamba ni ajabu kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Akina mama wanafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wanayaacha miezi, wanayafukua, wanayaponda, wanapata usumba. Chukua uzi mmoja wa usumba uupime: mara nyingi hauzidi shibiri moja. Lakini kamba iliyosokotwa kwa usumba huo inafika pima kumi, ishirini, na inashikilia jahazi kwenye nanga usiku kucha. Hakuna gundi ndani yake, wala nyuzi hazikuungwa kwa mafundo. Kitu gani kinazizuia zisichomokane? Galileo aliliuliza swali hili, juu ya kamba za katani, katika kitabu chake cha mwaka 1638. Jibu ni msuguano, na uhodari uko katika kusokota. Nyuzi zilizosokotwa, ukizivuta kwa urefu, zinakazana na kubanana. Zikibanana, mpaka wa msuguano kati yao unapanda. Kwa hiyo kadiri unavyoivuta kamba ndivyo inavyojishika yenyewe, hadi nyuzi zenyewe zikatike. Mtepe, chombo cha kale cha mwambao huu, ulikuwa na mbao zilizoshonwa kwa kamba za namna hiyo, bila misumari. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipojenga jumba la Husuni Kubwa hapo Kilwa Kisiwani, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, vyombo vya kushonwa vilikuwa vikipita katika bahari hii, na Ibn Battuta mwenyewe aliandika juu ya ushonaji huo wa kamba za nazi.

Kisha angalieni kamba hiyo ikifungwa gatini. Baharia mmoja, kijana mwembamba, anaizungusha kwenye nguzo mara mbili tatu na kushika ncha kwa mkono mmoja, na chombo chenye shehena kinasimama. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, aliikokotoa siri hiyo. Kila mzunguko hauongezi tu nguvu ya kushika, unaizidisha. Tuseme kiwango cha msuguano kati ya kamba na nguzo ni 0.3, na kijana anashika kwa nguvu ya kilo 10. Mzunguko mmoja unamwezesha kuzuia kilo 66. Miwili, kilo 430. Mitatu, zaidi ya kilo 2,800. Na unene wa nguzo hauhusiki hata kidogo. Nguzo nyembamba ikiwa haivunjiki inashika sawa na nene. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii kwa kalamu niliirudia, kwa kuwa sikuamini. Mabaharia wameiamini kwa karne nyingi bila kalamu, ndiyo maana hamtamwona anayejua kazi akizungusha kamba mara moja wakati upepo ni mkali.

Kamba hiyo ikipanda mlingotini mambo yanageuka. Henza, kamba inayoinua foromali (mti wa tanga), inapita kwenye kapi, na ndani ya kapi kuna roda inayozunguka, ili kamba isisagike na mabaharia wasichoke. Chini inazungushwa ishike, juu inapitishwa kwenye roda iende. Chombo kimoja, kamba moja, matakwa mawili yanayopingana, na fundi ameyaridhisha yote mawili kwa umbali wa mita chache.

Nyumbani sitakaa sana. Kinoo kinasaga kisu, mbuzi inakuna nazi, msio unasaga liwa, na vyote hivyo ni kukata vilele vya kitu kimoja kwa kitu kigumu zaidi. Ila joto lazima nilitaje. Wazee waliopekecha moto kwa vijiti viwili walijua kuwa msuguano unageuza nguvu ya mkono kuwa joto. Ulaya jambo hilo lilikuwa bado likibishaniwa na wasomi mwaka 1798, mwanasayansi Count Rumford alipoeleza jinsi mjini Munich maji yaliyozunguka mzinga uliokuwa ukitobolewa kwa keekee butu yalivyochemka baada ya saa mbili na nusu, bila moto wowote. Nguvu inayopotea kwenye msuguano haijatoweka, imekuwa joto. Tutalihitaji hilo tukifika barabarani.

Kabla ya barabara, kuna habari ya mkoa huu ambayo haisimuliwi inavyostahili. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Uchimbaji ulifanywa na watu wa huku, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilifikishwa bandari ya Lindi, na karibu zote zilibebwa na wapagazi kwa miguu, kichwani au kwa mzegamzega mabegani, mwendo wa siku kadhaa. Mifupa hiyo iko Berlin, na mmoja wa wanyama walioundwa kutokana nayo anasimama kwa kimo cha zaidi ya mita 13.

Kwa nini haikukokotwa? Mzigo unaoburutwa ardhini unadai nguvu ya nusu ya uzito wake au zaidi, kila hatua, safari nzima. Kwa nini si kwa magurudumu? Gurudumu ni uvumbuzi mkubwa wa kukwepa kuteleza, kwa sababu sehemu inayogusa ardhi haitelezi, inakanyaga na kunyanyuka. Kwenye lami linapoteza asilimia 1 au 2 tu ya uzito. Lakini kwenye mchanga laini linazama na kudai asilimia 20, hata 30, na wanyama wa kulikokota walikuwa wakifa kwa mbung'o. Uliobaki ulikuwa unyayo wa binadamu, ambao hautelezi na hauhitaji barabara. Gharama yake ililipwa na shingo na magoti ya watu, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vita vilivyoanzia kwenye milima ya Matumbi hapa hapa Kilwa na kuacha njaa iliyoua watu wengi. Anayesimama mbele ya mifupa ile Berlin na kustaajabia ukubwa wake anapaswa kuoneshwa pia majina na nyayo za waliobeba. Naamini hivyo kwa dhati, na ningependa jambo hilo lifundishwe Lindi kabla halijafundishwa kwingine.

Sasa barabara. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, lami ikafuata kipande kwa kipande, na leo kutoka Nangurukuru hadi Lindi mtu anakwenda kwa mwendo ambao babu yake asingeuwazia. Mwendo huo wote unasimamishwa na kitu kimoja: mshiko wa tairi na lami, kwenye eneo la ukubwa wa kiganja kwa kila tairi la pikipiki. Breki inasimamisha gurudumu tu. Anayekusimamisha wewe ni msuguano wa tairi na barabara, na tulikwisha kubaliana kwamba una mpaka.

Hesabu yake ni hii. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 300, zikienda kilometa 80 kwa saa. Lami ikiwa kavu na tairi zima, tuseme kiwango ni 0.7, itasimama ndani ya mita 36 tangu breki iliposhika. Lami ikilowa, kiwango kikashuka hadi 0.4, ni mita 63. Tairi likiwa kipara, maji yanakosa mifereji ya kutokea, yanabaki kati ya mpira na lami, na kiwango kikishuka hadi 0.2 ni mita 126. Ongeza mita 22 ambazo pikipiki inakwenda ndani ya sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa kilometa 40 kwa saa, kila umbali wa kusimama niliotaja unakuwa robo yake: mita 9, 16, 31. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Hakuna ujanja wa dereva unaobadilisha hilo.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya katikati ya masika, kwa sababu inachanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika miezi yote na kuyafanya utelezi kabla haijayaosha. Mchanga uliopeperushwa juu ya lami karibu na pwani nao huviringika chini ya tairi. Na kwenye mteremko mrefu, msishuke kwa breki peke yake wala kwa gia iliyoachwa huru. Kusimamisha zile kilo 300 mara moja tu kutoka kilometa 80 kunazaa joto la kutosha kupandisha lita moja ya maji kwa karibu nyuzi 18. Shikilia breki mteremko mzima, zitaungua, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki. Shuka kwa gia ndogo, iache injini ikusaidie kuzuia.

Vijana wa bodaboda wamesikia maonyo mengi, na mara nyingi wanalaumiwa peke yao. Neno langu la mwisho nalipeleka kwa wenye pikipiki. Kijana anayekuletea hesabu, yaani fedha ya siku, kila jioni hapangi yeye lini tairi libadilishwe, maana fedha ya tairi inatoka mfukoni mwake na hesabu iko pale pale. Nawaomba, kabla masika haijaingia, mkague tairi na brekishuu za kila pikipiki mliyompa mtu, na gharama ya kubadilisha ikatwe kwenye hesabu yenu, si kwenye chakula chake. Anayepokea hesabu kwa tairi kipara anajua sasa mita 126 zina maana gani.